Nancy, Hazel, Turtle au Pip: mpelelezi kijana yupi umpe msomaji wako?

Swali huja kwa namna moja kila mara: "Ana miaka kumi na miwili, anapenda mafumbo, nimtafutie riwaya gani ya upelelezi?" Nami kabla ya kutaja kitabu chochote huuliza kwanza: anapenda kubebwa, au anapenda kushindana?

Riwaya za upelelezi zenye shujaa kijana zinafanana majalada. Tochi, kivuli ukutani, nyumba kuukuu, msichana anayegeuka nyuma kwa hofu. Ndani yake lakini zimegawanyika. Zipo zinazokushika mkono na kukukimbiza kutoka hatari moja hadi nyingine, na kazi yako ni kufunua kurasa tu. Zipo nyingine zinazokuwekea mezani kila alichokiona mpelelezi, halafu zinakuacha ujaribu kumtangulia. Mtoto wa aina ya kwanza akipewa kitabu cha aina ya pili, atakiona kizito. Wa aina ya pili akipewa cha kwanza, atakimaliza jioni moja na kusema hakukuwa na fumbo lolote humo.

Mimi naegemea hiyo aina ya pili, na nalisema mapema ili ujue hukumu zangu zinatoka wapi. Naamini msomaji kijana anastahili kutendewa haki: asifichwe kidokezo ambacho mpelelezi amekiona, na mkosaji asiwe mtu aliyeibuka sura ya mwisho. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Cha pili ni uzito wa kosa lenyewe, kwani wizi wa wosia na kifo cha binti wa shule si mzigo mmoja. Cha tatu ni lugha. Vitabu ninavyovilinganisha hapa vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na viko ambavyo Kiingereza chake kinateleza kama maji na vingine kina miamba.

Nancy Drew na Hazel Wong

Nianze na hawa wawili, maana ndio watu wengi huwaweka kwenye mizani.

Nancy Drew alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1930, katika The Secret of the Old Clock. Jaladani kuna jina la Carolyn Keene, lakini mtu wa jina hilo hakuwahi kuwepo. Lilikuwa jina la kazi la kampuni ya Edward Stratemeyer, ambayo ilibuni muhtasari wa hadithi na kuukabidhi kwa waandishi kivuli. Kitabu hicho cha kwanza, na vingi vilivyokifuata, viliandikwa na Mildred Wirt Benson. Historia hii inakueleza kitabu kinavyokwenda: kimeundwa kwa muhtasari unaotaka kila sura iishie mahali pa kuning'inia, na msomaji asipate nafasi ya kuweka kitabu chini akalala.

Na kweli halali. Kuna sehemu Nancy ameingia peke yake katika nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, akawakuta wezi wanahamisha samani. Wanamkamata, wanamsukumia ndani ya kabati la nguo, wanageuza ufunguo na kuondoka. Giza. Hewa nzito. Anapiga kelele mpaka koo linakauka, kisha ananyamaza na kuanza kupapasa. Mkono wake unagusa fimbo ya kutundikia nguo. Anaing'oa, anaichomeka pembeni mwa mlango, na kuanza kuitumia kama wenzo. Ukisoma hapo ukiwa na miaka kumi, mikono yako mwenyewe inakakamaa. Watoto wengi wamependa kusoma kwa sababu ya kurasa za namna hii, na sitaki kuzidharau hata kidogo.

Lakini tazama fumbo lenyewe. Mzee Josiah Crowley amefariki, inasemekana aliandika wosia wa pili, na familia ya Topham yenye tamaa inakaribia kurithi kila kitu. Nani mbaya hapa? Unamjua tangu kurasa za mwanzo. Swali lililobaki ni moja tu: wosia uko wapi? Na jina la kitabu limekwisha kukupa nusu ya jibu. Nancy hashindani nawe. Anakwenda mbele, wewe unamfuata nyuma ukimshangilia.

Mweke sasa Hazel Wong pembeni yake. Murder Most Unladylike ya Robin Stevens ilitoka mwaka 2014, ingawa hadithi yake inatokea mwaka 1934 katika shule ya bweni ya wasichana iitwayo Deepdean, nchini Uingereza. Hazel ana miaka 13, ametoka Hong Kong. Jioni moja anaingia ukumbi wa mazoezi na kumkuta mwalimu wa sayansi, Miss Bell, amelala sakafuni, amekufa. Anakimbia kuita watu. Wanaporudi, sakafu ni tupu.

Mwandishi ameanza kwa kazi ngumu mara mbili. Hazel na rafiki yake Daisy Wells hawana budi kuthibitisha kwanza kwamba kuna mtu aliyeuawa, ndipo watafute aliyeua. Watu wazima wote wanaamini mwalimu ameacha kazi tu. Basi mabinti hao wawili wanafanya kile ambacho msomaji naye anaweza kufanya akiwa kitandani kwake: wanaandika orodha. Jina la mshukiwa, sababu inayoweza kumsukuma, alikuwa wapi saa ile, nani alimwona. Kila wanapopata habari mpya, jina moja linakatwa. Mwanzoni mwa kitabu kuna ramani ya shule, nayo si ya mapambo: utairudia kuhesabu mtu angetumia dakika ngapi kutoka chumba hiki kufika kile.

Nilikisoma kitabu hiki pamoja na mpwa wangu alipokuwa na miaka 12. Tulipofika katikati alichana kipande cha karatasi, akaandika jina, akakikunja mara nne, akanipa nikiweke mfukoni. "Usifungue mpaka mwisho, Mjomba." Tulipomaliza nikakifungua. Alikuwa amekosea. Nilidhani angekasirika, badala yake aliupokonya mkono wangu kitabu na kurudi nyuma kwa fujo, kurasa sitini, sabini, akitafuta alipopotezwa maboya. Akapata. Ilikuwa sentensi moja, fupi, ya mtu kusema alikuwa mahali fulani. "Ilikuwa hapa! Niliiona nikaipita!" Furaha ile ya mtoto kugundua kwamba hakudanganywa, kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yake muda wote, sijawahi kuiona kwa msomaji wa Nancy.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimpendelee Hazel. Nancy hana kasoro. Anaendesha gari, anaogelea, ana baba wakili anayemwamini, na kila mtu anampenda isipokuwa wabaya. Hazel anaogopa. Anaona haya kuhusu mwili wake, anajua kwamba wenzake darasani wanamtazama kama mgeni, na anamhusudu Daisy huku akichoshwa na amri zake. Wakigombana, na wanagombana kwelikweli, uchunguzi unasimama. Ndiye msimulizi, kwa hiyo tunayaona makosa yake kutoka ndani. Kijana mwenye miaka 13 anayejiona hatoshi atampata mwenzake hapo.

Hasara zake? Kuna maiti, na kuna kifo, ingawa damu haisimuliwi kwa ufundi wa kutisha. Kiingereza kimejaa misemo ya wasichana wa shule za bweni za miaka ya 1930. Mwishoni Daisy ameandaa orodha ya maelezo ya maneno hayo, na ni vizuri kumwonyesha mtoto orodha hiyo kabla hajaanza, maana wengi huigundua wakiwa wamemaliza. Nancy kwa upande wa lugha ni mwepesi zaidi: sentensi fupi, vitenzi vingi, maelezo machache. Kama mtoto ndio kwanza anajaribu riwaya nzima ya Kiingereza peke yake, Nancy ni daraja imara. Kama ameshavuka daraja hilo, usimrudishe.

Na kama umeamua Nancy, angalia ni Nancy yupi. Kuanzia mwaka 1959 vitabu vya mwanzo viliandikwa upya. Umri wake ukapandishwa kutoka 16 hadi 18, sura 25 zikapunguzwa kuwa 20, na namna ya kuwachora watu weusi kwa dharau, iliyokuwamo katika matoleo ya kwanza, ikaondolewa. Toleo la mwaka 1930 lilichapishwa tena baadaye na bado linapatikana. Watu wanaolisifu husema Nancy wa kwanza alikuwa jasiri zaidi na mwenye ulimi mkali, na mimi nakubaliana nao. Hata hivyo mlinzi wa nyumba ile ya ziwani, katika toleo la zamani, ni mtu mweusi aliyechorwa kama mlevi wa kuchekwa. Sitampa mtoto ukurasa huo akausome peke yake. Hesabu sura kabla ya kununua: 20 ni toleo lililorekebishwa, 25 ni la asili.

Turtle, kwa wapenda chemshabongo

Kama mtoto wako ni yule anayemaliza jedwali la maneno kabla wewe hujapata kalamu, sahau yote niliyosema juu na umpe The Westing Game ya Ellen Raskin. Kilitoka mwaka 1978 na mwaka uliofuata kikashinda Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani.

Tajiri Sam Westing amekufa. Warithi 16 wanaitwa kusikiliza wosia, na wosia unasema: mmoja wenu ndiye aliyeniua, atakayegundua atashinda urithi. Wanagawanywa wawili wawili, kila jozi inapewa dola 10,000 na vipande vidogo vya karatasi vyenye neno mojamoja. Vidokezo vya jozi hii si vya jozi ile. Turtle Wexler, binti wa miaka 13 mwenye nywele za kusuka na mguu mwepesi wa kumpiga teke la muundi yeyote anayezigusa, anapangwa na mshonaji mwenye umri wa kuwa mama yake, naye anaamua kuzitumia zile pesa kununua hisa. Wenzake wanatafuta muuaji. Turtle anatazama bei za soko.

Kwa kipimo cha haki, sijui kitabu cha vijana kinachokishinda hiki. Kila karatasi unaiona. Unaweza kuzikata nawe, ukazipanga mezani, na fumbo litajipanga mbele yako kama utakuwa na subira. Niliwahi kuwaona wanafunzi wawili wamelala kifudifudi sakafuni, maneno yametapakaa katikati yao, wanabishana kama mawakili. Wakati huo hawakuwa wakisoma tena. Walikuwa wanacheza mchezo uleule wa akina Turtle.

Lakini ni kigumu. Watu 16 wanajitokeza karibu kwa pamoja, na mwandishi anaruka kutoka kichwa cha mtu mmoja hadi cha mwingine ndani ya ukurasa mmoja. Wasomaji wengi huachia kati ya sura ya tatu na ya sita. Dawa ni ndogo: karatasi moja yenye majina yote 16, na mbele ya kila jina kazi yake na mwenzi wake. Ukimsaidia mtoto kuiandika siku ya kwanza, atafika mwisho.

Kwa yule anayetaka ushindani huohuo bila umati, kuna The London Eye Mystery ya Siobhan Dowd, ya mwaka 2007. Ted ana miaka 12, kwa hiyo utineja wake uko mlangoni tu, ila fumbo lake ni safi kama kioo. Binamu yake Salim anapanda gurudumu kubwa la London Eye saa tano na dakika 32 asubuhi. Ted na dada yake wanakitazama kibanda chake kikipanda, kikizunguka, kikishuka. Saa sita na dakika mbili mlango unafunguliwa, watu wanatoka, Salim hayumo. Nusu saa, kibanda kilichofungwa, na macho ya ndugu wawili hayakubanduka. Ted anaandika nadharia zake zote, hata zile za ajabu, kisha anaziondoa moja baada ya nyingine. Ni kitabu kifupi, Kiingereza chake ni chepesi, na kosa lake ni kupotea kwa mtu, hakuna maiti sakafuni kama kwa Hazel. Kwa miaka kumi hadi kumi na mbili ningekitanguliza mbele ya vyote.

Enola

Enola Holmes nitampitia haraka, ingawa najua ana mashabiki wengi tangu filamu ya mwaka 2020. Kitabu cha kwanza cha Nancy Springer kilitoka mwaka 2006. Enola wa kitabuni ana miaka 14, si 16 kama wa filamu, ni mdogo wao Sherlock na Mycroft Holmes, na siku yake ya kuzaliwa mama yake anatoweka nyumbani. Jina lake likisomwa kinyumenyume linakuwa neno la Kiingereza lenye maana ya "peke yake", na upweke huo ndio moyo wa kitabu. Kuna ujumbe wa siri unaoweza kuufumbua kwa penseli, kuna lugha ya maua, kuna London ya mwaka 1888 yenye matope na moshi.

Jambo moja tu mwambie msomaji wako kabla: swali la mama halijibiwi lote katika kitabu cha kwanza. Linavutwa hadi cha sita. Kwa anayependa kukaa na mhusika kwa muda mrefu, hiyo ni zawadi. Kwa anayetaka fumbo lifungwe na kalamu iwekwe chini, atahisi ameachwa njiani.

Pip na Christopher, kwa waliokua

Hapa tunavuka mstari. Vitabu hivi viwili nisingempa mtoto wa miaka 11 hata angekuwa msomaji hodari kiasi gani.

A Good Girl's Guide to Murder ya Holly Jackson ilitoka mwaka 2019. Pip ana miaka 17 na anafanya mradi wa shule. Mji mzima unaamini kwamba miaka mitano iliyopita Andie Bell aliuawa na rafiki yake wa kiume, Sal Singh, ambaye baadaye alikutwa amekufa, ikasemwa amejiua kwa kujuta. Pip haamini. Anachagua kesi hiyo kuwa mada ya mradi wake na kuanza kuwahoji watu, akishirikiana na Ravi, mdogo wake Sal.

Kitabu kimejengwa kwa karatasi za Pip mwenyewe: shajara ya utafiti, mahojiano yaliyoandikwa neno kwa neno, ujumbe wa simu, ramani, mchoro unaounganisha washukiwa kwa mistari. Unachokijua wewe na anachokijua Pip vinakwenda bega kwa bega. Ukisoma mahojiano kwa makini, utasikia pale mtu anaposita, na utajiuliza kwa nini kabla Pip hajaandika lolote. Kwa hilo ni ndugu wa Hazel, ila amekua.

Na kukua huko kuna gharama. Ndani kuna dawa za kulevya, unyanyasaji wa kingono, kujiua, na chuki ambayo familia ya Sal inaitupiwa na majirani waliokwisha kuhukumu. Mwandishi hayachezei mambo hayo, na ndiyo sababu kitabu kina uzito. Lakini mtu mzima anayemkabidhi kijana kitabu hiki akijua tu kwamba "ni cha upelelezi, kinapendwa", hamtendei kijana huyo haki. Kisome kwanza, au msome pamoja. Miaka 14 kwenda juu ndio mstari wangu, na hata hapo ningetazama kijana mwenyewe amepitia nini.

Christopher ni jambo jingine kabisa. The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya Mark Haddon, ya mwaka 2003, ilitolewa mara moja katika matoleo mawili, moja la watu wazima na jingine la vijana, na ukikisoma utaona kwa nini. Ni saa sita na dakika saba usiku. Christopher, mwenye miaka 15, anamkuta mbwa wa jirani amelala kwenye majani, amechomwa kwa uma wa bustani. Anaamua kumtafuta aliyemuua na kuandika kitabu kuhusu uchunguzi huo. Sura zake amezipa namba tasa, kwa hiyo ya kwanza ni 2, kisha 3, kisha 5. Hasemi uongo. Hapendi mafumbo ya lugha, kwa sababu kwake kila neno linasema kile linachosema.

Ajabu ya kitabu hiki ni kwamba Kiingereza chake ndicho chepesi kuliko vyote nilivyovitaja, na habari zake ndizo nzito karibu kuliko zote. Sentensi zimeunganishwa kwa "na" na "kisha", kama mtoto anavyosimulia. Msomaji anayejifunza lugha atasonga mbele bila kamusi. Lakini kuna matusi mengi kutoka vinywani mwa watu wazima, na kuna baba na mama ambao wameumizana.

Kama riwaya ya upelelezi, kipime kwa uangalifu. Aliyemuua mbwa anajulikana katikati ya kitabu. Nusu iliyobaki ni kijana peke yake akijaribu kusafiri kwa treni kutoka Swindon hadi London, kelele na mabango vikimfunika kama mafuriko. Ukurasa ambapo anaona maandishi yote ya kituoni kwa wakati mmoja, mabango, bei, mishale, yote yakimwangukia, umechapishwa ili nawe uyaone hivyo. Hapo fumbo la mbwa limekwisha muda mrefu, lakini hakuna anayeweka kitabu chini. Na kuhusu haki: msomaji humtangulia Christopher mara nyingi, kwa kuwa sisi tunaelewa kauli za watu wazima ambazo yeye anazinakili tu bila kuzielewa. Hazel na Pip wanakuacha ushindane nao. Christopher anakuacha ujue kabla yake, halafu ungoje, ukiwa na uchungu, naye ajue.

Kwa kijana anayetaka kukamata muuaji: Pip. Kwa kijana anayeanza kuona kwamba watu wazima nao wana siri, na kwamba si kila siri ina mhalifu: Christopher. Nikilazimishwa kubaki na kimoja kwenye rafu ningebaki na cha Christopher, ingawa kama chemshabongo hakimfikii hata Turtle.

Kabla ya kununua

Mambo machache ya vitendo, kwa kuwa nimeona watu wakijuta.

Vitabu vya Nancy unaweza kuvisoma kwa mpangilio wowote, kila kimoja kinajitegemea. Vya Hazel na Daisy ni vizuri kuvifuata kwa namba, maana vya baadaye hugusia kesi zilizopita na uhusiano wao unabadilika mwaka hadi mwaka. Vya Pip usithubutu kuruka: kitabu cha pili kinaanza kwa kueleza nani alifanya nini katika cha kwanza, na fumbo lote litakuwa limemwagika kama maziwa.

Pip tena: toleo la Uingereza linatokea katika mji mdogo uitwao Little Kilton, lakini toleo la Marekani limehamishiwa Fairview, Connecticut, na mambo ya shule yamebadilishwa kulingana na huko. Marafiki wawili wakitaka kusoma pamoja na kubishana, hakikisha wana toleo moja. Hazel naye ana majina mawili: nchini Marekani kitabu chake cha kwanza kinaitwa Murder Is Bad Manners. Nilishamwona mzazi amenunua vyote viwili akidhani ni kitabu cha kwanza na cha pili.

Na ukishamkabidhi mtoto kitabu, mpe na kipande cha karatasi. Mwambie akifika katikati aandike jina, akikunje, akupe ukihifadhi.